Mizani ya Kazi za Maktaba

Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba, 1967. Kila niketipo humo kuandaa makala, hujiuliza: kazi ya mtumishi wa maktaba hupimwa kwa mizani gani?

Mshauri anayeajiriwa kupitia vyeo na mishahara hupima kazi, si mtu. Hutazama elimu inayohitajika, wajibu na uzito wa maamuzi. Kisha huipanga kila kazi katika ngazi ya mshahara. Utaratibu huo ni wa haki, ila una hatari yake. Akisoma majalada tu, atamkuta "mhudumu" apangaye vitabu rafuni. Hatamwona akimtafutia mwanafunzi kitabu cha mtihani, akimjazia mzee fomu, wala akigundisha kurasa zilizochanika. Na kazi isiyoandikwa hailipwi.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi mshauri na akae kaunta juma zima, awasikilize watumishi kabla ya kushika kalamu. Nawe msomaji, ukiulizwa, taja nani alikuhudumia, na kwa kazi gani. Ushahidi wako huenda ukawa mkate wa watoto wake.