Riwaya Yangu Iko Ndani ya Ndoo

Mimi ni baba wa watoto wanne, fundi baiskeli hapa Nyarugusu. Wengi mnanijua kwa kuziba pancha. Lakini wapo pia wanaonisimamisha njiani na kuniuliza: "Papa, kile kitabu chako kiliishaka?" Nimeomba nafasi mwezi huu ili nijibu mara moja kwa wote. Hakijaisha. Ila sasa najua kiko wapi na kimefika wapi, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Naomba niwaeleze kwa nini, maana najua katika kambi hii siko peke yangu. Kuna vijana wanaandika mashairi, kuna mama mmoja anaandika habari za ukoo wake ili wajukuu wasome, na kuna wengi walioanza wakaacha.

Kwanza niseme kitabu chenyewe ni cha nini. Ni riwaya, yaani hadithi ndefu ya kutunga. Inaeleza habari za kijana mvuvi wa Baraka, kule Fizi, anayevua ndakala usiku kwa taa, na jinsi vita vilivyomkuta. Mimi mwenyewe nilitoka Baraka mwaka 1998 nikiwa na miaka 16, tukavuka Ziwa Tanganyika usiku mpaka upande wa Kigoma. Waliovuka wanaijua safari hiyo, sina haja ya kuieleza. Hadithi si maisha yangu, lakini ziwa ni lile lile.

Nilianza kuandika mwaka 2009. Nilikuwa naandika popote na kwenye chochote: nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, kwenye maboksi, hata kwenye karatasi niliyofungiwa sukari. Usiku wazo likija, nawasha taa naandika. Nikimaliza naingiza chini ya godoro. Nilijiona mwandishi kweli kweli. Nilidhani kazi ya mwandishi ni kungoja wazo, na likija linakuja lenyewe kama mvua.

Kumbe chini ya godoro kulikuwa na wapangaji wengine. Siku moja wakati wa masika nilinyanyua godoro nitafute sura ya kwanza, nikakuta mchwa wamekwisha jenga. Nyumba zetu za udongo mnazijua. Karatasi zilizobaki zilikuwa na matundu kama chandarua kikuukuu. Nikaanza tena. Safari hii niliweka karatasi juu ya meza. Mtoto wangu wa tatu, wakati huo ana miaka mitano, akaona makaratasi yamekwisha andikwa, akadhani hayana kazi tena, akaenda nayo chooni.

Jirani yangu, mzee mmoja aliyekuwa mwalimu, aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanisimulia habari za Ngũgĩ wa Thiong'o, yule mwandishi wa Kenya aliyefariki mwaka 2025. Mwishoni mwa mwaka 1977 aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa katika gereza la Kamiti, Nairobi, mpaka Desemba 1978. Humo ndani aliandika riwaya kwa lugha ya Kikuyu juu ya karatasi za chooni. Askari walizikamata karatasi zile katika upekuzi, baadaye akarudishiwa. Kitabu kikatoka mwaka 1980, na kwa Kiswahili kinaitwa Shetani Msalabani. "Unaona," mzee akaniambia, "mwenzako alichukua karatasi za chooni akazifanya kitabu. Wewe umechukua kitabu ukakipeleka chooni."

Nilicheka na mimi, lakini usiku ule sikulala vizuri. Mtu yule alikuwa amefungwa, tena analindwa, na bado aliitunza kazi yake. Mimi niko kwangu, mlango naufunga mwenyewe, na kazi yangu imepotea mara mbili. Shida yangu haikuwa wazo. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku zote nilikuwa nadhani methali hiyo ni ya wenye maduka.

Basi nikabadilika. Kwa hela ya pancha nilinunua kaye nne za kurasa 96 na biki mbili. Mama watoto akanipa, kwa shingo upande, ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ile iliyokatika mkono. Tangu siku hiyo riwaya inakaa ndani ya ndoo, na ndoo inakaa juu ya tofali mbili, mbali na ukuta. Mvua ikivuja, ndoo haina habari. Mchwa wakipanda, nawaona mapema.

Nikajiwekea na saa ya kazi. Bomba la kijiji chetu lina foleni kila asubuhi. Zamani nilikuwa napiga soga pale. Sasa nakalia galoni langu na kuandika mpaka zamu yangu ifike. Ukurasa mmoja tu, basi. Watu mwanzoni walicheka, siku hizi wananisogezea galoni nikiwa nimezama kwenye maneno. Ukurasa wa kaye, ukiandika kwa herufi ndogo, unabeba kama maneno 200. Pigeni hesabu: ukurasa mmoja kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa mwezi ni kurasa 20 na kitu. Kwa muda usiofika miezi mitano kaye moja imejaa. Kaye tatu ni maneno zaidi ya 57,000, na hicho tayari ni kitabu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba changu ni kaye.

Pamoja na malaria na siku za uvivu, kaye nne zilijaa kwa karibu miaka miwili. Nikampa binti yangu mkubwa asome. Yuko sekondari, na anasoma haraka kuliko mimi. Siku tatu alikuwa kimya. Siku ya nne, tukiwa tunachambua maharage, akaniuliza:

"Papa, yule mvuvi si alizama kwenye kaye ya pili?"

"Ndiyo, alizama."

"Sasa mbona kwenye kaye ya nne anakula sombe kwa shangazi yake?"

Nikasema ni kosa dogo, nitarekebisha. Akatoa karatasi aliyokuwa ameandika makosa yangu yote. Shangazi ana watoto watatu, halafu baadaye ni watano. Mtumbwi ni mwekundu, halafu ni wa bluu. Usiku wa mwezi mpevu wavuvi wako ziwani na taa zao, wakati mimi mwenyewe nilimfundisha kwamba mwezi ukiwaka samaki hawafuati taa, na wavuvi wanalala nyumbani. Hayo yote nilikubali. Lakini akarudi kwa mvuvi. "Papa, mtu anaweza kusahau mara moja. Wewe umemrudisha mara tatu."

Sikumjibu. Nilitoka nje nikajifanya natafuta spana.

Ndugu wasomaji, nilikuwa na mdogo wangu wa kiume. Tulipovuka mwaka 1998 alikuwa na miaka 13. Hakufika Kigoma. Kwangu habari hiyo haizungumzwi. Watoto walijua kwamba walikuwa na baba mdogo aliyebaki ziwani, basi, hawakuuliza zaidi kwa sababu walimwona baba yao anavyonyamaza. Yeye ndiye aliyependa kuvua. Mimi nilikuwa naogopa maji. Yule mvuvi wa kwenye riwaya ni mkubwa kwa miaka na ana sura nyingine, lakini anacheka kama yeye. Nilikuwa namzamisha kwa sababu hadithi inataka hivyo, halafu kurasa chache mbele mkono wangu unamwita tena aje kula.

Wakati ule wa makaratasi ya chini ya godoro hakuna aliyeweza kuliona jambo hili, hata mimi mwenyewe. Nadhani ndiyo maana niliyapenda yale makaratasi. Mahali pa ovyo ovyo, mtu anaweza kufa huku na kuishi kule, na hakuna wa kukuuliza.

Binti yangu ndiye aliyeleta shauri. Alisema, "Papa, tufungue daftari la watu." Tukanunua kaye ya tano, ndogo. Tukachora mistari. Kila mtu wa kwenye riwaya ana mstari wake: jina lake, umri wake, sura yake, ndugu zake, kaye na ukurasa anapoingia. Na mwisho kabisa pana nafasi ya kuandika mtu huyo amefikia wapi. Shangazi: yuko hai, ana watoto watatu. Mwenye mtumbwi: alihamia Uvira. Kwa jioni moja tulijaza watu 18.

Nafasi ya mwisho ya mvuvi ilibaki tupu wiki mbili. Nilikuwa naifungua kaye ile kwenye foleni ya maji, naangalia, nafunga. Siku hizo hata ukurasa wangu mmoja sikuandika. Halafu asubuhi moja, zamu yangu bado watu sita, niliandika: "Alizama. Kaye ya 2, ukurasa wa 41." Nikajaza maji, nikarudi nyumbani.

Jioni ile, baada ya kula, niliwaeleza mke wangu na watoto habari za ule usiku, tangu tulipoondoka ufukweni mpaka kulipokucha. Ilikuwa mara ya kwanza. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, mtoto wetu wa mwisho akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?" Nikamtaja. Sasa jina hilo linatajwa nyumbani kwetu, na mtoto mwenyewe amekwisha litia kwenye mchezo wake wa mpira.

Baada ya hapo nilirudi kwenye kaye ya nne nikafuta. Mvuvi hali tena sombe. Badala yake shangazi anapakua chakula, anahesabu sahani kama alivyozoea, na sahani moja inabaki. Binti yangu anasema ukurasa huo ni mzuri kuliko zote nilizoandika. Mimi sijui, lakini ni ukurasa wa kweli.

Kwa wale wanaoandika, au wanaotaka kuanza, nawapa niliyojifunza. Msiyachukue kama sheria.

Kwanza, kazi yako iwe na mahali pamoja tu, pakavu, na kila mtu nyumbani apajue. Kwetu hata mdogo anajua kwamba ndoo ile si ya maji.

Pili, kila ukurasa uwe na namba na tarehe. Kaye ikianguka na kuachana, utaipanga tena bila kulia.

Tatu, chagua saa ndogo unayoiweza, hata kama ni dakika ishirini za foleni. Saa kubwa tunayoingoja wakimbizi haiji.

Nne, uwe na daftari la watu, na usiogope ile nafasi ya mwisho.

Tano, kaye ikijaa, piga picha kurasa zote kwa simu. Kama huna, omba ya ndugu. Binti yangu amezihifadhi picha zangu kwenye kadi ndogo ya simu ya mjomba wake.

Sita, mpe mtu mmoja wa nyumbani asome, na akikuonyesha kosa usikasirike mbele yake. Nenda katafute spana kwanza.

Tena msiwe na haraka. Abdulrazak Gurnah alitoka Zanzibar akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, akaenda Uingereza kama mkimbizi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, karibu miaka 20 baadaye. Mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya fasihi. Mimi sitafuti Nobel. Nataka tu wajukuu wangu, popote watakapokuwa, wajue ndakala wanavuliwaje na nani alikuwa anawavua.

Kesho yetu wakimbizi hakuna anayeijua. Tukirudi, tukienda mbali au tukibaki, ndoo ile haina uzito, mtu mmoja anaweza kuibeba mkono mmoja. Hata ikibaki nyuma, binti yangu anajua yaliyomo, mstari kwa mstari.

Sasa naiandika riwaya upya tangu mwanzo, safi, bila makosa ya mwezi na mtumbwi. Niko kaye ya pili, ukurasa wa 38. Zimebaki kurasa tatu nifike pale ziwani. Naenda polepole, lakini sirudi nyuma. Aliye na kaye isiyo na kazi nyumbani aniletee. Nitamzibia pancha bure.

Ni mimi ndugu yenu, fundi baiskeli wa karibu na bomba.