Ukumbi wa Vijana Usigeuzwe Tanuri

Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Huko Lodwar, nilikoishi na kufanya kazi kwa miaka miwili, mambo yalikuwa kinyume: wajenzi tele, kivuli haba.

Karibu na nilikopanga palikuwa na ukumbi wa jamii. Kuta zake zilikuwa nyembamba, paa la mabati lisilo dari, na madirisha mapana ya vioo yaliyotazama magharibi. Kuanzia saa nne asubuhi hadi jua litue, hakuna aliyethubutu kuingia. Wazee walikaa nje chini ya mti. Wavulana waliishia kwenye vibanda vya kamari. Wasichana je? Hawakuwa na pa kwenda.

Usidhani kwamba dawa ni mashine za kupoza hewa. Nani atalipa bili ya umeme? Dawa ni kujenga kwa kulifahamu jua. Lodwar iko karibu na ikweta, na joto la mchana aghalabu hufika nyuzi 35 na kuzidi. Jua la asubuhi na la alasiri ndilo huchoma kuta. Basi jengo lilazwe kutoka mashariki hadi magharibi, kuta fupi ndizo zilikabili jua, na baraza pana izunguke pande zote. Juu ya dari pawe na nafasi, kisha mabati, ili upepo upite katikati na kuondoa joto.

Haya si ndoto. Kando ya Ziwa Turkana, chuo cha teknolojia cha Startup Lions kilikamilika mwaka 2021. Mchoraji wake, Francis Kéré, mzaliwa wa Burkina Faso, aliiga vichuguu vya mchwa: minara mirefu hutoa hewa moto juu, nayo hewa baridi huingia kupitia matundu ya chini. Mwaka uliofuata alitunukiwa Tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata. Kabla yake, katika miaka ya 1940, Hassan Fathy wa Misri alijenga kijiji cha New Gourna kwa matofali ya udongo, na hakusahau ukumbi wa michezo ya kuigiza.

Maji nayo? Mvua ya Lodwar ni kama milimita 200 kwa mwaka. Hata hivyo, paa la mita mraba 500 hupokea takriban lita 100,000, na sehemu kubwa yaweza kuwekwa tangini kunyweshea miti ya uani. Uwanja wa mpira uwekewe taa za nguvu za jua, kwa kuwa huko watu huchangamka jioni.

Wewe mwenye jamaa Turkana, Wajir au Garissa, kaunti ikiitisha maoni ya umma kuhusu ukumbi mpya, usiulize tu gharama. Uliza: saa nane mchana, mtoto wa kike ataweza kuketi humo asome? Wakishindwa kukujibu, waambie warudie mchoro kabla ya kununua hata bati moja.