Kasingirima na Stori za Bangi Inayonukia Limau

Msomaji wangu, wengi wanaofika Kigoma huishia pale stesheni ya reli waliyoijenga Wajerumani. Wanapiga picha, wananunua migebuka ya kubeba, basi, safari imekwisha. Safari hiyo ni nusu. Panda daladala la Ujiji, mwendo wa kilometa zisizofika 10, uteremke uulize Kasingirima. Ni kata ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji na ni uswahilini hasa: nyumba zimesogeleana, kina mama wanakaanga vya jioni barazani, watoto wamejaa njiani, na Kiswahili kimetulia utadhani uko pwani. Tofauti ni kwamba pwani wangetia nazi, hapa wanatia mawese.

Mie nilikwenda kusaka habari za kale, nikakutana na habari za limau. Kwenye kijiwe kimoja cha kahawa vijana walikuwa wakibishania bangi. Walikuwa wanaibishania tu, hakuna aliyekuwa nayo mkononi, vinginevyo ningeondoka mbio. Mmoja wao, anayefanya kazi kwenye mtumbwi wa dagaa, alikuwa ameona kwenye simu kwamba Ulaya kuna bangi inayonukia limau, laini kama juisi, wala hailevyi sana. Akanigeukia. "Shikamoo mzee. Wewe unaonekana umesoma. Eti ni kweli?"

Kwamba ipo, ni kweli. Kuna moja inaitwa Super Lemon Haze, ya wauza mbegu wa Amsterdam, ambayo ilishinda Cannabis Cup mwaka 2008 na tena 2009. (Ndiyo, wenzetu wana kombe la bangi, kama sisi tulivyo na Kombe la Kagame.) Nyingine ni Tangie, inayosifiwa kwa harufu ya chenza.

Lakini usidhani kuna mtu aliyeikamulia limau. Ua la mmea jike lina vinywele vidogo vyenye utomvu, na ndani yake mna mafuta yaitwayo limonini. Ni yale yale yaliyomo kwenye ganda la limau, ndimu na chungwa. Mafuta ya ganda la chungwa, zaidi ya asilimia 90 ni limonini tupu. Sisi tuliokulia uswahilini tunaijua bila kwenda darasani. Unachukua ganda la chungwa, unalibana karibu na moto wa koroboi, linarusha cheche. Au unambania mwenzio machoni, analia, mama yake anakuja kukusemea kwenu. Ndiyo hiyo hiyo. Mbegu nyingine zinayo kwa wingi, nyingine zinanukia msonobari, pilipili manga, na hata dizeli. Wapo wanaoisifia ya dizeli, sijui wana pua gani! Tena harufu hiyo inaruka upesi: majani yakianikwa juani, yakakaa guniani miezi, yanabaki kunuka nyasi.

Sasa utata uko hapa. Kinacholevya ni kitu kingine kabisa, kinaitwa THC, nacho hakifuati harufu. Pua haiwezi kukupimia. Marekani walipopima bangi zilizokamatwa na serikali yao, mwaka 1995 wastani wa THC ulikuwa kama asilimia 4. Mwaka 2014 ulifika kama 12. Na hizi za makombe zinazalishwa na watu wanaoshindania nguvu, zinatajwa hata kwa asilimia 20. Kwa hiyo ile "juisi" ya kijana wetu ni sawa na gongo iliyokamuliwa ndimu.

Mzee mmoja aliyekuwa akicheza bao, kimya muda wote, akadakia kwamba bangi ziwani haikuanza leo. Hapo hakukosea. Jina lenyewe limetoka Uhindi, likaja na majani yake kwa njia ya bahari, yakapanda bara pamoja na misafara. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, Burton aliandika juu ya wapiga makasia waliokuwa wakivuta bangi kwa buyu, kisha kikohozi na makelele. Tumbaku nayo ilikuwa na mtindo wake: watu wa ziwani waliiloweka kwenye maji, wakamimina yale maji puani, halafu wakabana pua kwa koleo dogo yasitoke. Nawaza Stanley alipokutana na Livingstone hapa Ujiji mwaka 1871, pembeni watu wamejibana pua zao wanatazama!

Ng'ambo ya ziwa, mbali huko Kasai, mambo yalikuwa makubwa zaidi. Wajerumani Pogge na Wissmann walifika mwaka 1881 kwa Kalamba Mukenge, wakakuta watu wake wanajiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi. Kuivuta pamoja ndiyo ilikuwa alama ya udugu wao. Mwenye kosa aliadhibiwa kwa kuvutishwa mpaka azimie.

Adhabu ya kwetu ni nyingine. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haiulizi inanukia nini, na mahakama zetu zimeshawafunga watu miaka 30 kwa bangi. Kijana wa miaka 22 anatoka ana 52.

Nilipofika hapo, yule kijana wa mtumbwi akapunguza sauti. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na yeye, akakaa bure kijiweni, ndipo alipoanza kuvuta. Ziwa likafunguliwa, yeye hajaacha. Alikuwa anauliza habari za limau akidhani ingemsaidia kupunguza kidogo kidogo.

Nikamwambia haitamsaidia. Nikamwambia pia asemacho daktari yeyote: bangi inachelewesha mkono na inaharibu kipimo cha macho, na yeye kazi yake ni ya usiku wa giza, taa zikivuta dagaa juu ya maji yenye kina cha mita 1,470 pale yanapozama zaidi. Duniani ni Baikal tu la Urusi lililolishinda Tanganyika kwa kina. Upepo ukigeuka, kuna sekunde chache tu za kushika kamba.

Mzee wa bao akasimamisha kete mkononi. Kumbe mtumbwi ni wake.

"Toka lini?" akauliza.

"Toka kipindi kile, mzee."

"Leo huendi majini. Baki nchi kavu, kuna wavu umechanika pale nyumbani. Kesho asubuhi tutaongea na mama yako."

Kijana hakubisha. Akamaliza kahawa yake, akalipa, akaenda kushona wavu.