Twende Kiserian kabla haijazungushiwa seng'enge

Mpenzi msomaji, Jumapili iliyopita ulikula wapi? Iwapo wewe ni mkazi wa Nairobi mwenye watoto watatu na mshahara unaokata roho katikati ya mwezi, bila shaka ulikula nyumbani, kisha watoto wakajazana mbele ya televisheni hadi jua likatua. Iwapo ni mwanafunzi wa chuo, huenda ulishinda kitandani na chakula chako cha jioni kikawa chai na mkate. Si aibu. Hata hivyo, kuna mahali ambapo familia ya kawaida yaweza kwenda asubuhi, ikala ikashiba, watoto wakakimbia nyasini, na wote wakarudi kabla ya giza bila ya baba kukopa. Mahali penyewe ni Kiserian, na nakuhimiza uende mwaka huu badala ya kungoja mwaka ujao. Sababu ya haraka hiyo utaiona huko mbele.

Kiserian ni mji mdogo katika kaunti ya Kajiado, kando ya barabara ya Magadi, kama kilomita 25 kutoka katikati ya jiji. Umekaa chini ya ncha ya kusini ya vilima vya Ngong. Jina lake latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya amani, ingawa ukifika pale Jumapili adhuhuri utadhani aliyelitoa jina hilo hakuwahi kusikia honi ya matatu.

Kama huna gari, tafuta matatu nambari 126. Uliza kwanza zinapakilia wapi, maana vituo vya katikati ya jiji huhamishwa mara kwa mara. Matatu za njia hii zina sifa zake: zimechorwa kuanzia bonati hadi buti, taa za rangi ndani, na muziki unaotikisa kifua. Watoto huzipenda mno. Ukiwa umeandamana na nyanya au babu, mtafutie gari lililo kimya kidogo, naye atakushukuru njia nzima. Utapita Lang'ata, Bomas, kisha Ongata Rongai, ambayo kwa Kimaasai ni uwanda mwembamba. Leo uwanda hauonekani tena. Ni maduka, magorofa na magari yaliyopangana.

Mwenye gari namshauri aende kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Aende kupitia Rongai, na jioni arudi kwa barabara ya kutoka Kiserian hadi Ngong, inayopita chini ya vilima, kisha Karen na Ngong Road. Hata asiye na gari aweza kufanya hivyo, kwa kuwa kuna magari kati ya Kiserian na Ngong, na Ngong utapata nambari 111 ya kukurudisha jijini.

Sasa tuje kwenye nyama, maana najua ndiyo uliyokuwa ukiingojea.

Nyama ya Kiserian ina sifa, na sifa hiyo haikuja kwa bahati. Mji huu ni mlango ambao mifugo ya Wamaasai huingilia kuelekea Nairobi. Mbuzi, kondoo na ng'ombe kutoka upande wa Magadi na sehemu nyingine za Kajiado huletwa hapa na kuchinjwa, kisha nyama ikapakiwa kupelekwa kwenye bucha za mitaani kwenu. Kichinjio cha Keekonyokie, chenye jina la tawi mojawapo la jamii ya Wamaasai, kiliwahi hata kuvuma kwa mradi wa kugeuza samadi na damu kuwa gesi ya kupikia. Basi ile nyama unayoinunua mtaani jioni huenda ilipita Kiserian asubuhi. Wewe unaifuata ilikotoka, kabla haijachoka safarini.

Ukiingia mkahawani, usikae mezani ukangoja kuletewa. Nenda moja kwa moja kwenye bucha yenyewe, ambako nyama imetundikwa, uchague kwa macho yako. Mbavu ni tamu lakini zina mifupa mingi. Paja lina nyama nene na huchukua muda mrefu motoni. Bega ndilo ninalolipendekeza kwa wenye watoto, kwa sababu halina ugumu na mafuta yake ni ya kiasi. Uliza bei ya kilo kabla kisu hakijagusa nyama, na utazame mizani ikitulia. Kuuliza hakuonyeshi ufukara. Wenyeji wenyewe huuliza, tena kwa sauti.

Watu wazima wawili na watoto watatu hutoshwa na kilo mbili za mbuzi, alimradi pawe na ugali na kachumbari ya kutosha. Wengi hukosea hapa. Wao huagiza kwa njaa waliyotoka nayo nyumbani, na mwishowe nyama hufungwa kwenye karatasi ikaenda kuliwa kesho yake ikiwa baridi. Asiyependa ya kuchoma na aagize tumbukiza, nyama iliyochemshwa polepole pamoja na viazi na mboga hadi inaachana na mfupa. Wazee wenye meno machache huipenda, na mchuzi wake ni dawa ya baridi ya huko.

Kwa upande wa wanafunzi, msiogope. Si lazima mtu anunue kilo. Kuna mutura inayochomwa kando ya barabara na kukatwa vipande vya bei ndogo, na kuna supu ya kichwa na miguu inayouzwa kwa kikombe. Sita kati yenu mkichanga, mtapata kilo moja na nusu, ugali mkubwa, na chenji ya nauli.

Jambo ambalo wageni hulisahau ni kwamba nyama huchukua muda. Tangu uichague hadi ifike mezani kwenye ubao, ikiwa imekatwakatwa na chumvi pembeni, hesabu saa nzima, na mara nyingine zaidi pakiwa na wateja wengi. Saa hiyo ndiyo inayoharibu Jumapili za watu. Watoto hulia, baba huagiza chupa moja ya kupitisha wakati, kisha ya pili, na mama hukasirika. Dawa yake ni rahisi: toka mjini saa mbili asubuhi, tembea kwanza, kisha urudi Kiserian kabla ya saa sita, wakati wachomaji bado hawajalemewa.

Kutembea wapi? Endelea na barabara hiyo hiyo ya Magadi mwendo mfupi hadi Corner Baridi. Kuna magari ya kuelekea huko kutoka Kiserian. Hapo barabara hupinda na ghafla ardhi huanguka mbele yako. Chini ni Bonde la Ufa, ardhi ya kahawia yenye vichaka, na Mlima Olorgesailie kwa mbali. Barabara huendelea kuteremka hadi Ziwa Magadi, ambalo liko takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Geuka nyuma na utaona vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake kirefu hufika mita 2,460. Mtoto anayesoma jiografia ataelewa hapo kwa dakika tano jambo ambalo mwalimu amelieleza muhula mzima. Mvalishe sweta. Jina la mahali hapo si mzaha.

Ukiwa na gari waweza kula huko huko. Olepolos, mkahawa wa nyama unaotazama bonde, unajulikana na watu wengi wa Nairobi, ila pale ujue kwamba unalipia pia mandhari.

Na hapa ndipo ninapokuja kwenye ile haraka yangu. Tazama kando ya barabara tangu Rongai. Kila baada ya hatua chache kuna kibao cha ploti zinazouzwa, futi 50 kwa 100, na nyuma ya kibao ni seng'enge na vigingi vya saruji. Zamani sehemu kubwa ya Kajiado ilimilikiwa kwa pamoja chini ya ranchi za vikundi, kufuatana na sheria ya mwaka 1968. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi nyingi ziligawanywa na kila mwanachama akapewa hati yake. Mwenye hati aweza kuuza, na wengi wameuza, mmoja kwa ajili ya karo, mwingine kwa matibabu, mwingine kwa gari. Ndugu zao wa kizazi cha mikataba ya 1904 na 1911 walihamishwa na serikali ya kikoloni kutoka malisho yao ya kaskazini. Safari hii hakuna anayewasukuma kwa bunduki. Ni kalamu na noti.

Mnunuzi ni nani? Ni wewe na mimi, msomaji, tuliochoka kulipa kodi ya nyumba. Sikulaumu. Mtu akitafuta mahali pa kujenga vyumba vitatu vyake mwenyewe ana haki zote. Lakini lazima tuone kinachofuata. Mbuzi hawezi kupita kwenye seng'enge. Njia za mifugo kuelekea maji na malisho zinazibwa moja baada ya nyingine, mchungaji analazimika kuzunguka mbali, na soko linalazimika kutafuta mbuzi mbali zaidi kila mwaka. Gharama ya safari hiyo iko ndani ya ile bei ya kilo unayoinung'unikia mezani. Tena hata ile nyasi ya kukimbilia watoto inapungua. Sehemu nyingi za ukingo wa bonde ambazo mtu angeweza kuegesha gari na kutandika shuka sasa zina lango na mlinzi. Zilizobaki wazi nazo zina wenyewe, kwa hivyo ukimwona mchungaji karibu, mwamkie kwanza na umwombe ruhusa ya kukaa. "Sopa" ndiyo salamu, na ukisalimiwa hivyo wewe hujibu "epa". Wafundishe watoto wakiwa bado kwenye matatu. Usimpige picha yeye wala ng'ombe wake kabla ya kumwuliza, na usiache karatasi za biskuti na mifuko nyuma yako, maana mbuzi huila, nayo humwua.

Nami nimeona familia zikienda Kiserian kula na kurudi na karatasi za ploti mkobani. Kama nawe umeshikwa na hamu hiyo, usitoe hata shilingi ya kushikilia kabla hujafanya upekuzi katika ofisi ya ardhi ili kujua hati ni ya nani. Ardhi ya kilimo huhitaji pia kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na mke au mume wa muuzaji lazima akubali. Mama, hapo uwe mkali kuliko baba. Shibe ya nyama hulainisha moyo.

Wenye miguu ya ujana wanaweza kuigeuza safari yote hii. Waanzie mjini Ngong, wapande upande wa mitambo ya upepo ya KenGen, wafuate mgongo wa vilima kuelekea kusini hadi wateremkie Kiserian wakiwa na njaa ya haki. Mitambo miwili ya kwanza ilisimamishwa huko mwaka 1993, na mingine ikaongezwa kuanzia 2009. Matembezi hayo huchukua nusu siku kwa mwendo wa wastani. Kuna ada langoni, na ni vyema mwende kikundi pamoja na askari wa msitu, maana wanyang'anyi wamewahi kuwavizia watembezi huko. Bebeni maji. Huko juu hakuna duka.

Wapenda historia watafurahi kujua kwamba kwenye miteremko ya mashariki ya vilima hivyo ndiko alikozikwa Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekufa kwa ajali ya ndege Voi mwaka 1931. Alikuwa rafiki wa Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmaki ambaye nyumba yake ya Karen imekuwa jumba la makumbusho tangu 1986. Ikiwa unarudi kupitia Ngong na saa bado zinaruhusu, nyumba hiyo iko karibu na njia yako. Kwa maoni yangu watoto wadogo watachoka haraka ndani. Wakubwa wa sekondari watafaidika.

Kabla hujaondoka Kiserian, mama apite sokoni. Sukumawiki, nyanya na viazi vya huko hutoka mashamba ya karibu na aghalabu bei yake huwa nafuu kuliko ya mtaani. Maziwa pia hupatikana, ya kuchemsha na ya mgando. Beba chombo chako chenye kifuniko kinachobana, la sivyo yatamwagika kwenye matuta ya Rongai.

Ondoka saa tisa. Ikipita saa kumi, barabara ya Magadi huwa imejaa watu wenye wazo lile lile, na mvua ikinyesha makanga hupandisha nauli papo hapo. Kwa hivyo nauli ya kurudi ya watu wote itenge asubuhi, uifunge kando, kabla hujashawishika kuagiza kilo ya tatu.