Upo? Nipo!

Wapenzi wengi ninaowafahamu wameshapeana maneno ya siri ya baruapepe zao, eti ndiyo kuaminiana. Mimi na mume wangu hatujapeana, na ndoa ipo. Tena tangu Aprili 2014 nina hoja nzito zaidi.

Mwezi huo ilitangazwa kasoro kwenye OpenSSL, programu ya bure inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani. Wakaibatiza Heartbleed, yaani moyo unaovuja damu. Jamani, ni kisa cha mapenzi kabisa! Kompyuta mbili zikiongea, moja huuliza "upo?" na kutuma neno, nyingine hulirudisha neno lilelile: "nipo". Sasa mjanja anatuma herufi moja halafu anadanganya kuwa katuma kama elfu 64. Mwenzake, bila kuhakikisha, anajazia pengo kwa chochote kilicho karibu kwenye kumbukumbu yake: majina, maneno ya siri, hata funguo zenyewe. Na kwa kawaida hakibaki hata kialama.

Kasoro hiyo ilikaa miaka miwili bila kutangazwa. Kule Uingereza, kwenye Mumsnet, tovuti ambako wazazi husimuliana mambo yao ya ndani, mvamizi aliingia hadi kwenye akaunti ya mwanzilishi wake, Justine Roberts. Watumiaji wote wakatakiwa kubadili maneno ya siri.

Sasa wewe ukute ujumbe ambao mwenzio anaapa hakuutuma, na neno la siri mnalijua wawili tu. Utamshuku nani? Watu wanununiana wiki nzima, kumbe mwizi yuko mbali huko, hata sura zenu hazijui.