Cape Town: Jua la Kiangazi, Maji ya Baridi

Mgeni atokaye Mombasa au Dar es Salaam, ambako maji ya bahari huwa kati ya nyuzi 25 na 29 za sentigredi, haoni sababu ya mtu kuvaa mpira kuanzia shingoni hadi miguuni kabla ya kuingia baharini. Nami sikuiona, hadi nilipokwenda Cape Town, Afrika ya Kusini, mwezi wa Januari kumtembelea mpwa wangu aliyekuwa masomoni.

Rasi ya huko ina bahari pande zote mbili. Magharibi ni Clifton, penye mchanga mweupe, paelekeapo Atlantiki. Mashariki, ng'ambo ya milima, ni Muizenberg, katika ghuba iitwayo False Bay. Januari ni kiangazi, na jua la Clifton lilikuwa likichoma.

"Mjomba, upepo wa kusini-mashariki umevuma siku tatu," mpwa wangu alinionya. "Leo upande huu hauingiliki."

Nilimcheka, nikajitosa. Maji yaliponifika kifuani pumzi ilinikatika. Nikawa nahema bila kujizuia, na wimbi dogo tu likanijaza maji kinywani. Vidole vilikataa kukunjika. Kijana alinishika mkono akanivuta nchi kavu, wala hakusema neno, jambo ambalo namshukuru hadi leo.

Sababu yake ni hii. Upepo ule huyasukuma maji ya juu yaliyopashwa na jua yaende mbali na pwani ya Atlantiki, na maji ya vilindini hupanda kushika nafasi yake. Ndiyo maana Clifton yaweza kuwa na nyuzi 10 au 12 katikati ya kiangazi, baridi kupita hata majira ya kipupwe. Upepo huo huo huyakusanya maji ya vuguvugu kwenye ufuo wa Muizenberg, yakafika nyuzi 20 au zaidi. Basi aulizaye hali ya bahari huko asitazame kalenda wala jua. Na aulize upepo umevuma kutoka wapi, na kwa siku ngapi. Maji hunyang'anya mwili joto upesi mno kuliko hewa, na mshtuko wa dakika ya kwanza umewazamisha hata waogeleaji hodari.

Vazi la mpira lina asili itakayowapendeza wasomaji wetu askari. Hugh Bradner, mwanafizikia wa Marekani, alilibuni mwanzoni mwa miaka ya 1950 akiwafikiria wapiga mbizi wa jeshi la majini. Mpira wake, neoprini, umejaa mapovu madogo ya gesi, na hayo ndiyo yazuiayo joto lisitoke. Maji kidogo huingia ndani, yakapashwa na mwili, yakatulia.

Yakitulia, lakini! Vazi likipwaya, kila wimbi hufukuza maji yaliyopata joto na kuingiza mapya, na mnunuzi amepoteza fedha zake. Lazima likamate shingoni, kwapani na mgongoni juu ya kiuno, bila kumzuia mtu kuinua mikono, kwa kuwa mpanda mawimbi hupiga kasia kwa mikono muda mrefu kuliko asimamavyo juu ya ubao. Mishono iliyogundishwa kwa gundi ni bora kuliko iliyotobolewa kwa sindano hadi upande wa pili. Kwa Muizenberg wakati wa kiangazi, milimita 3 kifuani na 2 mikononi na miguuni zatosha. Kwa upande wa Atlantiki mpwa wangu havai pungufu ya milimita 4 kwa 3, pamoja na viatu vya mpira.

Kesho yake tulikwenda Muizenberg. Agatha Christie, mwandishi wa hadithi za upelelezi, alijifunza kuteleza juu ya mawimbi hapo mwaka 1922. Wakati wa ubaguzi wa rangi, mtu kama mimi asingeruhusiwa kukanyaga kila ufuo wa mji ule. Nilikodi vazi, nikahangaika nalo karibu robo saa kabla halijapita mapajani, huku watoto wakinitazama. Nilisimama juu ya ubao mara moja tu, labda kwa kuhesabu hadi tatu, lakini nilikaa majini saa nzima bila kutetemeka.

Jioni mpwa wangu aliyasuuza mavazi yote mawili kwa maji baridi yasiyo na chumvi, akayaanika kivulini, kwani jua huukausha mpira ukapasuka.