Wenzi wa Gwaride Moja

Urafiki una vyanzo vingi. Uko urafiki wa damu, ambao mtu huukuta siku anapozaliwa. Uko urafiki wa ujirani, ambao huja kwa kuazimana moto na chumvi. Na uko urafiki wa kazi, ambao aghalabu huisha kazi inapokwisha. Lakini uko na urafiki wa namna ya nne, ambao haukupewa jina maalumu katika lugha yetu. Ni urafiki wa vijana waliotiwa katika shida moja kwa makusudi, wakaamshwa kwa filimbi moja, wakala katika bwalo moja, kisha wakatawanywa wangali vijana. Nakusudia kusema habari za urafiki huo, kwa kuwa nimeishi ndani yake zaidi ya miaka 40, na kwa kuwa naona wengi huusifu pasipo kuuliza unadai nini.

Mimi na wenzangu tulifunzwa uafisa Monduli, chini ya mlima wenye jina hilo, tukatunukiwa kamisheni mwaka 1983. Msomaji aliyezaliwa pwani kama mimi ataelewa nikisema kwamba adui wetu wa kwanza alikuwa baridi. Wengi wa walimu wetu walikuwa wamepigana vita vya Kagera vya 1978 na 1979; wao waliijua vita, na sisi tuliijua hadithi yake. Walitufundisha kusoma ramani, kuongoza platuni na kutoa amri pasipo kuirudia. Lakini fundisho lao kubwa halikuandikwa katika ratiba yoyote. Mmoja akikosa, tuliadhibiwa sote. Mtu akichelewa gwarideni, sote tulikimbia kupanda kilima na kushuka. Mara ya kwanza tulimchukia aliyechelewa. Mara ya kumi tulimwamsha.

Baada ya kiapo tulitawanyika kama punje za mtama. Huyu alikwenda Songea, yule Mwanza, mwingine Unguja. Tuliandikiana barua, na barua zikafuata sanduku la posta la kikosi ambacho mtu alikwisha kuhamishwa. Nyingine zilinifikia baada ya miezi, zikinipa habari za arusi ya mtu ambaye wakati ule alikwisha pata mtoto. Kisha ikaja simu ya mkononi, na baada yake kundi la WhatsApp, ambamo salamu za alfajiri huwa nyingi kuliko ndege wa mtini. Siidharau njia hii, maana imetupa wenzetu ambao tulidhani wamekufa. Hata hivyo nimeona jambo moja: zamani barua moja kwa mwaka ilitutia katika safari ya kwenda kumtazama mtu, na sasa salamu ya kila siku hutupa udhuru wa kutokwenda. Mtu huona picha ya mwenzake akadhani amemwona.

Jambo la pili linaloujaribu urafiki huu ni cheo. Tulipotoka chuoni kila mmoja alikuwa luteni usu mwenye nyota moja begani. Baada ya miaka 25 yuko aliyekuwa brigedia jenerali, na yuko aliyestaafu na ukapteni wake. Mimi nilistaafu nikiwa meja. Katika arusi ya binti wa mwenzetu mmoja nilimwona kapteni mstaafu akisimama wima kwa kumwona brigedia anaingia, na mkono wake wa kulia umekwisha inuka nusu. Brigedia aliuwahi mkono ule akaushika. “Leo hatuna gwaride, ndugu yangu,” alimwambia, wakaketi meza moja. Si wote wenye adabu hiyo. Wako walio juu ambao hawashuki, na wako walio chini ambao hukataa kushikwa mkono kwa kiburi cha unyonge, nacho ni kiburi kibaya kama kile kingine.

Wenye vyeo na wasio navyo wangefaa kukumbuka darasa la mwaka 1915 la chuo cha West Point, Marekani. Darasa lile lilikuwa na wahitimu 164, na 59 kati yao wakawa majenerali. Dwight Eisenhower, aliyefika juu kabisa, alihitimu akiwa wa 61. Kwa miaka 16, toka 1920 hata 1936, hakuupita umeja. Aliyempita njiani mwaka 1935 pasipo kumsalimu alibakiwa na miaka 9 tu kabla ya kumwona akiamrisha majeshi yaliyotua Normandy.

Kila darasa la namna hii huwa na mtu mmoja anayetunza majina. Kwetu ni mwenzetu aliyekuwa mwenye mwandiko mzuri kuliko sote. Anayo daftari ya jalada gumu, na ndani yake tumo sote kwa namba: jina, mahali pa kuzaliwa, mahali alipo, na kwa wale waliotangulia, siku ya mauti. Kwa daftari hiyo tulianzisha mfuko wa kufa na kuzikana. Nilipokuwa nikiitazama nilimkumbuka George Cullum, mhitimu wa West Point wa mwaka 1833, ambaye alitunga kitabu kikubwa cha maisha ya wahitimu wa chuo chake, akampa kila mmoja namba kwa kufuata zamu ya kuhitimu. Namba hizo huitwa kwa jina lake mpaka leo. Walakini kazi ya kutunza majina si nyepesi kama inavyodhaniwa, kwa sababu anayeandika majina hana budi siku moja kuulizwa nani ni wetu na nani si wetu.

Cullum aliulizwa swali hilo na vita. Darasa la 1846 la chuo kile lilitoa wahitimu 59: George McClellan alikuwa wa pili, Thomas Jackson wa 17, na George Pickett wa mwisho. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, McClellan alibaki na serikali ya muungano, na hao wawili wakaenda na majimbo ya Kusini yaliyopigania kudumisha utumwa. Tarehe 17 Septemba 1862, huko Antietam, McClellan aliliongoza jeshi la upande mmoja, na Jackson alikuwa miongoni mwa makamanda wa upande wa pili. Cullum, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa muungano, hakuwafuta waasi katika kitabu chake. Aliwaachia namba zao na habari zao za kabla ya vita; lakini alipofika mwaka 1861 alisema tu kwamba waliingia katika uasi, na matendo yao ya vitani hakuyasimulia. Mwaka 1869, miaka 4 baada ya vita, wahitimu waliunda chama chao, na moja katika makusudi yake lilikuwa kuwarudisha pamoja watu waliopigana.

Hatuna haja ya kuvuka bahari kwa mfano. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, vijana wa Uganda waliletwa Monduli kufunzwa uafisa kwa ajili ya jeshi jipya la nchi yao. Februari 1981 vita vya msituni vilianza kwao, na watu waliokula bwalo moja wakajikuta baadhi yao katika jeshi la serikali na baadhi yao katika jeshi la msituni, lile lililoutwaa mji wa Kampala Januari 1986. Basi na asidanganyike mtu: urafiki wa chuo hauzuii vita, wala haushindi kiapo. Haki yake huanza mambo yanapokwisha haribika.

Kwetu hapakuwa na vita. Swali lilitujia kwa njia ndogo. Mwenzetu mmoja, namba 37 katika daftari, aliondolewa jeshini zamani kwa kosa la fedha. Kosa lilithibitika na adhabu aliitumikia. Baada ya hapo hakujibu barua ya mtu, na jina lake katika daftari likapigwa mstari. Mwaka 2016 tulipata habari kwamba yuko Ruaha Mbuyuni analima vitunguu, na kwamba amefiwa na mkewe. Je, mfuko utoe rambirambi? Wenzetu wakagawanyika. Mmoja, mtu mwadilifu ambaye sijapata kumwona akichukua hata kalamu ya serikali, alisema: “Sisi si ukoo, ndugu zangu. Tulifungwa pamoja na kiapo. Aliyekivunja kiapo amejifungua mwenyewe.” Maneno hayo yalikuwa na nguvu, na mpaka leo sijayapatia jibu la kuyafuta yote. Nilisema tu kwamba rambirambi haitolewi kwa ajili ya kiapo, hutolewa kwa ajili ya msiba. Na kwamba zamani mtu akichelewa gwarideni hatukumpiga mstari, tulimwamsha.

Mfuko haukutoa kitu. Watatu kati yetu tulichanga kutoka mifukoni mwetu, tukapanda basi la Iringa. Tulipobisha hodi alitoka binti yake. Alituamkia, “Shikamooni, baba zangu,” kisha akatutazama sana, akauliza: “Nyinyi ndio wale wa kwenye picha?” Ndani ukutani ilikuwapo picha ya siku ya kamisheni yetu. Binti yule alikuwa amezijua nyuso zetu tangu utoto wake, na sisi hatukujua kwamba amezaliwa.

Baba yake alizipokea fedha kwa mikono miwili. Hakujitetea wala hakulalamika. Jioni, tulipokuwa tumeketi nje karibu na magunia ya vitunguu, alisema neno moja juu ya jambo lile: “Cheo kiliondoka kwa haki, sikidai. Lakini namba 37 nilikuwa mimi, na hakuna mwingine.”

Neno hilo tulilipeleka kwa wenzetu. Majadiliano yalichukua miezi mingi. Mwishoni mwenye daftari aliliandika jina upya pembeni mwa mstari ule wa zamani, na mstari wenyewe hakuufuta. Nadhani alitenda vema. Kuufuta kungekuwa uongo, na kuliacha jina bila kuandikwa tena kungekuwa uongo mwingine. Lakini jambo hili halikwisha kwa furaha ya wote. Yule mwadilifu alijitoa katika mfuko, na alipofariki miaka michache baadaye jamaa zake hawakutuarifu mpaka arobaini imekwisha pita. Namba 37 ndiye aliyesafiri wa kwanza kwenda kumpa mkono mjane wake.

Katika West Point, tangu darasa la mwaka 2002, pete za wahitimu wa zamani ambazo jamaa zao wamezitoa huyeyushwa, na dhahabu yake kuchanganywa katika pete za vijana wanaohitimu. Ni desturi nzuri, na moto ule hauchagui dhahabu ya jenerali na ya luteni. Sisi hatuna pete. Tunayo daftari, ambayo mwandiko wake sasa umeanza kutetemeka, na tumekwisha agana itakwenda kwa nani.

Vijana wasomao insha hii wana madarasa yao, ijapokuwa wengi wao si askari. Watakapoachana wataahidiana mengi. Mimi ningewaomba wachague mtu mmoja wa kutunza majina, wamtii, tena wamwonee huruma, kwa sababu atayapata maswali ambayo wao watayakwepa. Na jina likikosa kuitika kwa miaka, wasitosheke kusema kwamba mwenyewe hataki kuitwa. Waende wakabishe hodi. Asipofungua watarudi kwao wakijua alipo, na hilo nalo ni sehemu ya kumtunza.